Kila kitu kiwe na kwao: kupanga miadi, kazi na nyaraka kwa simu moja na bando dogo

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri maandiko. Naifanyia nyumbani, Morogoro, na pembeni yake ni mweka hazina wa kikoba chetu cha wanawake 22. Wateja wangu wengi hatujawahi kuonana ana kwa ana. Wananijua kwa jambo moja tu: kazi imefika siku niliyoahidi, au haikufika. Ndiyo maana mpangilio wa kazi ni jambo ninalolishika kwa mikono miwili, na kila mwenzangu wa kikoba akiniomba nimsaidie "kuipanga simu yake", huwa tunakaa chini na kufuata hatua hizi hizi.

Kuna kanuni mbili nyuma ya hatua zote. Ya kwanza: kila kitu kiwe na kwao, mahali pamoja tu. Miadi ikiwa nusu kichwani, nusu kwenye meseji, nusu kwenye kalenda ya ukutani, hakuna programu itakayokuokoa. Ya pili: popote utakapoweka kitu, kifunguke hata mtandao ukiwa umekatika. Hii ya pili ilinikaa sana Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani wengine. Nilikuwa na tafsiri ya kukabidhi kesho yake. Orodha yangu ya istilahi ilikuwa imehifadhiwa ndani ya simu, nikaendelea kufanya kazi usiku ule, na kilichobaki kikawa kusubiri dirisha la mtandao la kuituma.

Hatua ya 1: Anza na karatasi

Usipakue kitu bado. Chukua daftari, gawa ukurasa pande mbili. Kushoto andika: miadi, kazi za kufanya, kumbukumbu ndogondogo, nyaraka, pesa, maneno ya siri. Kulia andika kila kimoja kiko wapi leo hii. Andika ukweli. Kwa wengi niliokaa nao, miadi iko kichwani, kazi zimezama kwenye meseji za WhatsApp, vyeti vimo kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, hesabu za pesa zimo kwenye meseji za mtandao wa simu, na neno la siri ni tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wa kwanza.

Sasa kila kimoja kipe nyumba. Mimi nimezipanga hivi: miadi Google Calendar, kazi Google Tasks, kumbukumbu Google Keep, nyaraka Google Drive, pesa Google Sheets, maneno ya siri Bitwarden. Zote ni bure kwa matumizi ya mtu mmoja. Nimechagua za Google kwa sababu simu nyingi za Android huja na baadhi yake tayari na akaunti moja huzifungua zote, kwa hiyo bando haliishi kwa kupakua. Mwenye iPhone anazipata pia. Kama umeshazoea nyingine, kwa mfano Todoist kwa orodha ya kazi, baki nayo. Tatizo haliko kwenye jina la programu. Tatizo ni kuwa na tatu zinazofanya kazi moja.

Hatua ya 2: Funga mlango wa akaunti

Kama kila kitu kitalala ndani ya akaunti moja, mlango wake uwe imara kabla hujaingiza mzigo.

Ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya neno la siri unaombwa na msimbo. Wengi huishia hapo, wakiweka namba ya simu ya kupokelea msimbo. Fikiria basi: siku simu ikichomolewa kwenye daladala, laini ya kupokelea msimbo imekwenda nayo. Mwenzetu mmoja wa kikoba alikaa siku nne nje ya akaunti yake namna hiyo, akisubiri kurudishiwa laini, na picha za risiti za wanachama zote zilikuwa humo.

Dawa yake ni misimbo ya akiba. Google hukupa misimbo 10, kila mmoja una tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Ichapishe au inakili kwa mkono, uifiche nyumbani mahali unapoweka vitu vya thamani. Isiwe picha ndani ya simu ileile, kwani hapo hujafanya kitu.

Kisha pakua Bitwarden na uhamishie humo maneno ya siri ya akaunti zako nyingine. Utakumbuka neno kuu moja tu. Liwe refu, la maneno manne au matano yasiyohusiana ambayo wewe mwenyewe unayaona kichwani kama picha, na usilitumie pengine popote. Neno kuu ukilisahau, Bitwarden hawawezi kukufungulia kwa sababu hata wao hawalijui. Kwa hiyo nalo liandike kwenye karatasi ileile ya akiba.

Jambo jingine la akaunti: nafasi ya bure ni gigabaiti 15, na hizo zinagawanwa na Gmail, Drive na Google Photos. Kwenye Android, nakala ya WhatsApp nayo siku hizi inahesabiwa humohumo. Nafasi ikijaa, Gmail huacha kupokea barua. Mteja anakutumia kazi, inamrudia, anadhani umemkimbia. Kila mwezi tazama nafasi imebaki kiasi gani, ufute video za magrupu kwanza. Hizo ndizo hula nafasi.

Hatua ya 3: Kalenda, na saa zetu za Kiswahili

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopoteza kazi ya miezi mitatu.

Mteja mmoja, Mswahili mwenzetu anayeishi Muscat, aliniambia kwa sauti ya WhatsApp: "Tuzungumze Jumanne saa nne asubuhi." Nikafungua kalenda upesi upesi, nikaandika 4:00, nikaweka ukumbusho. Jumanne simu ililia kabla ya alfajiri. Nikaizima nikijua nimekosea kitu, nikalala tena. Saa nne ya kweli ilipofika, simu ilikuwa kimya na mimi nilikuwa sokoni. Kazi akapewa mtu mwingine, na sikuwa na la kumlaumu.

Simu haijui kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Kwa hiyo, kwanza, nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya tarehe na saa, uweke mfumo wa saa 24. Ukiacha ule wa saa 12 utachanganya asubuhi na jioni juu ya kuchanganya Kiswahili na Kizungu. Kisha tumia hesabu hii:

- Kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, ongeza 6. Saa 3 asubuhi ni 09:00, saa 9 alasiri ni 15:00, saa 12 jioni ni 18:00.
- Kuanzia saa 1 usiku mpaka saa 5 usiku, ongeza 18. Saa 2 usiku ni 20:00.
- Kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 12 alfajiri, toa 6. Saa 6 usiku ni 00:00, saa 11 alfajiri ni 05:00.

Na kwenye jina la tukio lenyewe, andika saa ya Kiswahili kwa maneno: "Saa tatu asubuhi, kuonana na mhasibu". Ukumbusho ukitokea, macho yanaona maneno yale na tarakimu 09:00 pamoja. Zikipingana, unalijua kosa papo hapo. Tangu nianze kufanya hivi sijakosa miadi kwa sababu ya saa.

Kuna mitego mingine miwili ya lugha yetu. Saa sita usiku ni mwanzo wa tarehe nyingine kwenye simu, kwa hiyo basi linaloondoka "Jumapili saa sita usiku" litaingia kwenye kalenda kama Jumatatu 00:00. Na wazee wa pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" humaanisha usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, kwa kuwa kwao siku huanza jua linapotua. Ukialikwa khitma au maulidi kwa maneno hayo, uliza: "Usiku wa kuamkia Ijumaa, au Ijumaa yenyewe usiku?" Uliza kwanza, ndipo uandike.

Kama una watu nje, panga na majira ya nchi zao. Muscat iko mbele yetu saa moja. Lubumbashi iko nyuma saa moja, Kinshasa nyuma saa mbili. London iko nyuma saa tatu wakati wa baridi, saa mbili wakati wa kiangazi chao. Huna haja ya kuyakariri haya: ndani ya tukio, Google Calendar ina sehemu ya kuchagua majira ya mahali. Chagua Muscat, andika 10:00, yenyewe itakuonyesha kwako ni 09:00. Na ukizungumza na mtu, sema "saa nne kwako, saa tatu kwangu". Ni maneno machache lakini hufunga mjadala.

Kila tukio lipe kumbusho mbili: moja siku moja kabla, ya kukuandaa, na nyingine saa moja kabla, ya kukuinua kwenye kiti. Yanayojirudia yaandike mara moja na uchague yajirudie: kikao cha kikoba, kodi ya chumba, ada ya muhula, bima, leseni. Pasipoti iwekee ukumbusho miezi 8 kabla haijaisha muda, kwa kuwa nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi 6 mbele. Mimi na mume wangu tuna kalenda moja ya nyumba tunayoiona wote wawili. Safari zake na siku zangu za kukabidhi kazi zinaonekana humo, na yale maswali ya "kwani hukuniambia?" yamepungua sana.

Hatua ya 4: WhatsApp, kazi zinakotoka

Miongozo mingi huizungumzia kalenda na orodha kana kwamba kazi zinazaliwa humo. Kwetu kazi huzaliwa WhatsApp. Bosi anatuma sauti, mteja anatuma picha ya karatasi, shangazi anakumbusha mchango, mwalimu anaandika kwenye grupu la darasa kwamba kesho watoto waje na rimu ya karatasi. Usipoikabili WhatsApp, hatua nyingine zote zitakuwa pambo.

Anza kwa kupunguza kelele. Fungua kila grupu, chagua kunyamazisha. Utapewa saa 8, wiki moja, au daima. Magrupu yote yape daima, ukibakiza mawili au matatu ambayo ukichelewa kuyasoma mtu ataumia. Hujatoka kwenye grupu, na hakuna anayeambiwa kwamba umelinyamazisha. Unalisoma ukipata nafasi.

Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha, sauti na video unaojiendesha wenyewe. Ukitaka video utaigusa ije. Hili peke yake lilifanya kifurushi changu cha wiki kifike mwisho wa wiki.

Sasa njia ya kuzitoa kazi humo. Meseji yenye kazi ndani yake, ibonyeze kwa kushikilia, uiwekee nyota. Usianze kuifanya hapo hapo, nyota inatosha. Kwa mambo yanayokujia kichwani barabarani, WhatsApp inakuruhusu kujiandikia mwenyewe: tafuta namba yako kwenye orodha ya majina na uanze mazungumzo nayo. Mimi huyabandika juu kabisa ya orodha yangu. Kisha mara moja kwa siku, jioni baada ya chakula, nafungua meseji zote zenye nyota kutoka kwenye menyu. Yenye saa inakwenda kwenye kalenda, ya kufanywa inakwenda kwenye orodha ya kazi, risiti inakwenda Drive. Nyota naiondoa. Meseji ikiwa haina nyota tena, maana yake ina kwao. Dakika 10 hutosha, na ukilala huna wasiwasi kwamba kuna jambo la mtu limekupita.

Mwenye biashara atumie WhatsApp Business. Nayo ni bure. Ina lebo za kumpaka kila mteja, kama "analipa kesho", "amelipa", "mzigo umetoka", na ina majibu ya haraka: unaandika bei, mahali ulipo na namba ya malipo mara moja, kisha unayaita kwa kuanza na mkwaju, alama hii: /. Mama mmoja wa kikoba chetu anayeuza vitenge alikuwa akiandika bei zilezile mara 30 kwa siku kwa kidole kimoja.

Hatua ya 5: Orodha ya kazi

Orodha ya kazi ina kosa moja kubwa, nalo ni kuandika majina badala ya vitendo. "Kodi." Kodi imefanyaje? Andika "Mtumie mama mwenye nyumba kodi ya Machi". "Cheti cha mtoto" kiwe "Nenda RITA kuulizia cheti cha kuzaliwa cha Salma, beba kadi ya kliniki". Kazi iliyoandikwa kwa kitendo ukiiona unainuka, maana unajua mguu wa kwanza unakwenda wapi.

Kila asubuhi chagua tatu tu, uziburute juu. Zilizobaki zitakaa hapo hapo, hazitakimbia. Nimejaribu kuweka saba, nimejaribu kumi, na jioni nilichopata ni uchovu na kazi nne nusu nusu.

Kama shughuli yako ni ya oda, yaani ushonaji, keki, fanicha au tafsiri, tazama Trello. Ni kama ubao wenye safu, na kila oda ni kadi unayoihamisha. Mimi nina safu nne: Imepokelewa, Inatafsiriwa, Inahaririwa, Imekabidhiwa. Mteja akipiga simu, namjibu kabla hajamaliza kuuliza.

Hatua ya 6: Vyeti na nyaraka

Toa ile bahasha ya kaki juu ya kabati. Fungua programu ya Google Drive kwenye simu, gusa alama ya kamera au ya kujumlisha, chagua kuskani. Weka cheti juu ya meza, karibu na dirisha, mchana, bila kivuli cha mkono wako. Simu itakikata kando na kukihifadhi kama PDF. Fanya hivyo kwa vyeti vya shule, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, hati, mikataba, kadi za kliniki. Ni kazi ya saa moja.

Jina la faili lianze na tarehe, mwaka mbele: "2025-03-14 Mkataba wa pango Kihonda". Ukianza na mwaka, faili zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa muda. Ukiandika "scan0047" au "cheti mpya mpya kabisa", siku ya kukitafuta utakuwa umesimama kwenye foleni na watu nyuma yako wanaguna.

Kisha kwa zile unazoweza kuombwa wakati wowote, gusa vidoti vitatu kando ya faili na uchague ipatikane nje ya mtandao. Itakaa ndani ya simu pia.

Tovuti za maombi ya kazi na vyuo mara nyingi hukataa faili kubwa. Kuipunguza, au kuunganisha vyeti vitano viwe PDF moja, iLovePDF hufanya bila kulipa. Lakini hapo unaipeleka nyaraka yako kwenye kompyuta za watu wengine. Kwa cheti cha shule sioni shida. Kwa kitambulisho au taarifa ya benki, ni afadhali uiskani upya kwa ubora mdogo kuliko kuipakia kwenye tovuti usiyoijua.

Na sasa steshenari. Wengi wetu tunachapishia huko, na wengi tunaondoka tukiwa tumeacha akaunti wazi na CV mezani mwa kompyuta ya mtu. Nimewahi kukaa kwenye kiti cha steshenari moja, nikafungua folda ya vilivyopakuliwa, nikakutana na vitambulisho vya watu zaidi ya 40, namba zote zinasomeka. Ukilazimika kuingia kwenye akaunti yako hapo, tumia dirisha la faragha la kivinjari, na ukimaliza ufute faili mpaka kwenye pipa la taka. Kama umeshafika nyumbani ndipo ukakumbuka hukutoka, fungua akaunti ya Google kwenye simu, sehemu ya usalama, orodha ya vifaa vyako. Ile kompyuta utaiona. Iguse na uitoe kutoka hapo ulipo.

Hatua ya 7: Pesa

Fungua Google Sheets, lahajedwali jipya, safu tano: Tarehe, Maelezo, Kuingia, Kutoka, Aina. Kila jioni, ukipitia meseji za nyota, pitia na meseji za M-Pesa au za mtandao wako uzinakili humo. Makato ya kutoa na kutuma yape mstari wao peke yake na aina yao, "makato". Usiyachanganye na kiasi ulichotuma.

Tarakimu ziandike tupu: 12000. Ukiandika 12,000/= lahajedwali litaiona kama maneno, halitaijumlisha, na halitakuambia. Wiki nzima ya hesabu za kikoba ilinipotea kwa ile alama ya mwisho. Jumla haikulingana na daftari, na niliirudia mara sita kabla sijaiona.

Kupata salio, kwenye kisanduku kitupu pembeni andika:

=SUM(C2:C500)-SUM(D2:D500)

Na kujua makato yamekula kiasi gani:

=SUMIF(E2:E500,"makato",D2:D500)

Kama itakataa, weka nukta mkato badala ya mkato. Inategemea nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio ya faili. Badilisha "makato" kuwa "nauli" au "vocha" upate na hizo. Mimi baada ya kuiona jumla ya makato ya mwezi, niliacha kutoa pesa kidogo kidogo. Natoa mara moja kwa wiki.

Hatua ya 8: Kama kuandika kunakuchosha, sema

Gboard, kibodi ya Google, inasikia Kiswahili tangu 2017. Ina cha Tanzania na cha Kenya. Kwenye mipangilio yake ongeza lugha ya Kiswahili, uwashe kuandika kwa kutamka, kisha gusa kipaza sauti na useme kwa mwendo wa kawaida. Majina ya watu na mitaa huyakosea, na alama za uandishi nazitia mwenyewe. Lakini kwa mzazi anayeandika kwa kidole kimoja, au fundi mwenye mikono ya grisi, huu ndio msaada mkubwa kuliko yote niliyoyataja. Nilimfundisha baba yangu, na sasa hivi ananiandikia meseji ndefu zenye habari kamili.

Hatua ya 9: Kukaa na kazi

Kuna mbinu ya Mwitaliano Francesco Cirillo, aliyeianza miaka ya mwisho ya 1980 akiwa mwanafunzi, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi moja, dakika 5 za kupumzika, na baada ya mizunguko minne unapumzika zaidi. Saa ya simu yako inatosha, usipakue kitu. Siku yangu imekwishagawanywa na adhana, kwa hiyo tafsiri ngumu naifanya kati ya alfajiri na saa mbili, watoto wakiwa hawajaamka vizuri, na barua za kujibu baada ya adhuhuri. Kwenye Android kuna hali ya umakini inayozizima programu unazozichagua kwa muda. Nikiwa na kazi, WhatsApp imo kwenye orodha hiyo.

Hatua ya 10: Jaribio

Baada ya wiki moja ya kutumia haya, chagua jioni moja, weka simu kwenye hali ya ndege, na ujiulize kwa sauti maswali haya, ukiyajibu kwa simu peke yake. Kesho nina miadi gani, na saa ngapi kwa Kiswahili? Kazi zangu tatu za kesho ni zipi? Nionyeshe cheti changu cha kidato cha nne. Mwezi huu nimetumia kiasi gani kwa nauli? Lahajedwali na Keep zifungue pia, uone kama kweli zinafunguka, kwa sababu faili la Sheets nalo unatakiwa uliambie lipatikane nje ya mtandao, na wengi husahau hapo.

Swali lisilojibika ndilo la kurekebisha. Washa mtandao, rudi kwenye hatua yake, kisha ulijaribu tena hilo moja.